Maneno Aliyocheua Ilinca

Parascovia alichemsha maji saa nne asubuhi, kama kila siku, akayaacha yapoe dirishani mpaka tone alilojidondoshea kwenye kifundo cha mkono halikumwunguza. Akatia vijiko vitano vya maziwa ya kopo, kila kijiko akikisawazisha kwa mgongo wa kisu, akatikisa chupa, kisha akaketi karibu na jiko na kumpakata mjukuu wake, Ilinca. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi, na ua mzima ulinuka zabibu zilizokamuliwa.

Ilinca alikuwa na miezi mitano. Maziwa ya kopo aliyaanza akiwa na miezi miwili, siku ile mama yake, Galina, alipopanda basi dogo kwenda Italia, mjini Brescia, kumtunza mwanamke mzee aliyepooza upande mmoja. Wiki mbili za kwanza Galina alikamua maziwa yake mwenyewe kwenye sinki la bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Kisha yakakauka. Makopo aliyatuma kwa basi lilelile lililompeleka. Baba wa mtoto alikuwa Urusi tangu kabla ya kuzaliwa Ilinca, akijenga maghorofa, na huko alishaoa.

Miezi mitatu mtoto hakumsumbua mtu. Alikunywa, akacheua, akalala. Kijijini Valea Nucului alisifiwa kwa hilo.

Jumanne hiyo alifika nusu ya chupa, akaitema chuchu, akakunja magoti mpaka tumboni na kuanza kulia. Uso ulimwiva. Parascovia alitazama nepi, ilikuwa kavu. Alimgusa paji la uso, halikuwa na joto. Alikagua chuchu ya chupa akiona huenda tundu limepanuka na mtoto anameza hewa, akabadilisha chuchu. Aliyaacha maziwa yatulie mpaka povu likaisha, akampa tena. Mtoto aligeuza uso. Akamlaza chali akamzungusha miguu kama anayeendesha baiskeli. Akapasha kitambaa moto kwa pasi, akamwekea tumboni. Akamnywesha kijiko cha maji ya shamari. Kilio kilizidi.

Jirani yake Tudosia alichungulia juu ya ua, mikono ikiwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko.

"We Parascovia, huyo mtoto unamlisha au unamchinja?"

"Tumbo, mwenzangu. Limemshika ghafla."

"Mbadilishie kopo. Hayo ya Italia ni ya watoto wa Kiitaliano."

"Amekunywa hayohayo miezi mitatu."

"Basi ndiyo ameyajua sasa," alisema Tudosia, akarudi kwenye zabibu zake.

Parascovia alimweka mtoto begani, akampigapiga mgongoni kuanzia chini kwenda juu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Hatimaye Ilinca alijinyoosha, akacheua, na pamoja na hewa ikatoka sauti ya Galina, yenye ukwaruzo kidogo kama ilivyo siku zote.

"Kitanda hiki ni cha kukunja, Bi Ornella, lakini mgongo wangu haukunjiki."

Kisha mtoto akanyamaza, akaitafuta chupa, akaimaliza. Parascovia alimfuta mdomo, akaosha chupa, akaiinamisha juu ya kitambaa ikauke. Bi Ornella lilikuwa jina la mwajiri wa Galina, binti wa yule mwanamke aliyepooza. Habari za kitanda cha kukunja Parascovia hakuwahi kuambiwa.

Kufikia Alhamisi Ilinca alikuwa amecheua kuhusu korido ambamo kitanda hicho huwekwa, jokofu lenye kufuli, na nyama iliyolala siku tatu. Kila mara alianza kwa kukunja magoti na kulia, na kila mara maneno yakishatoka alipata nafuu. Parascovia alimfunga kwenye blanketi, akampeleka zahanati.

Muuguzi Zinaida alimvua mtoto nguo zote. Alitazama masikio. Alivuta vidole vya miguu kimoja kimoja, kwa sababu wakati mwingine unywele hujizungusha kwenye kidole na mtoto hulia siku nzima bila mtu kujua. Aliuliza choo kina rangi gani, kopo ni lilelile, maji yanachemka vizuri. Alibonyeza tumbo, akamweka begani. Mtoto akacheua.

"Pasipoti yangu inafanya nini kwenye droo yako?"

Zinaida alichukua kadi ya kliniki na kuandika.

"Ni gesi, mama."

"Na maneno?"

"Maneno ndiyo gesi yenyewe. Huyu ni wa nne kwangu tangu Agosti. Kuna mwingine kule juu kwa mafundi viatu, mama yake yuko Ureno, yule anacheua matusi matupu. Huyu wako ana adabu."

"Yanaingiaje tumboni kwa mtoto?"

"Mama anayameza huko, sasa unataka yaende wapi? Lazima yatokee kwa mtu." Zinaida alimvisha mtoto soksi. "Usingoje chupa iishe. Mcheulishe katikati, mara mbili, mara tatu. Yatatoka vipandevipande, hayatamwumiza sana."

"Dawa hakuna?"

"Dawa iko Brescia. Mimi hapa nina maji ya shamari."

Parascovia alifuata maagizo. Alimcheulisha mara mbili, mara tatu kwa kila chupa, na kweli maneno yakawa mafupi: "Mikono inaniuma." "Leo ni Jumapili, ni siku yangu." "Usinipigie makofi, mimi si kuku." Tudosia alipokuja kuazima faneli alisikia hilo la kuku, akacheka, kisha akaacha kucheka, akachukua faneli na kwenda zake.

Jambo moja Parascovia aliligundua mwenyewe. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Galina alipiga simu kila Jumapili alasiri, uso wake ukijaa kwenye kioo cha simu, akisema watu ni wazuri, chakula kipo, bibi mzee anampenda. Na kila Jumatatu tumbo la Ilinca lilikuwa gumu kama boga.

Jumatatu ya tatu mtoto alilia tangu chupa ya kwanza. Parascovia alimweka begani, akampiga mgongoni akitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Saa sita sauti ikatoka.

"Mama ndiye aliyenifungia mzigo. Niliomba nikae hata mpaka mtoto aote jino moja. Akasema nenda, nafasi haingoji, na ukifika kwa watu, meza tu."

Parascovia alisimama. Ilikuwa kweli. Aliyasema hayo mwezi wa saba, jikoni humohumo, akifunga jibini kwenye gazeti, na aliyasema kwa sababu paa lilikuwa limebonyea na kwa sababu yeye mwenyewe alimeza maisha yake yote shambani na kiwandani na hakuona kwamba kumemdhuru. Alimketisha mtoto. Mtoto akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amepata nafuu. Parascovia akampa maziwa yaliyobaki. Hilo hakumwambia mtu, hata Zinaida.

Jumapili iliyofuata hakungoja Galina aulize.

"Mtoto anasumbuliwa na tumbo."

"Tangu lini? Mbona hukuniambia? Maziwa unayapima vizuri?"

"Napima. Anacheua maneno yako."

Galina aliisogeza simu karibu. Nyuma yake ilionekana pasi, na lundo la shuka.

"Anasema nini?"

"Kitanda. Jokofu. Pasipoti. Na mengine."

"Anayasema kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yako."

"Akishayasema anatulia?"

"Anatulia mpaka chupa inayofuata."

"Basi mcheulishe vizuri, mama. Usimharakishe."

"Galina, sikiliza. Yaseme huko huko. Mwambie huyo mwanamke usoni. Ukiyatoa wewe, huyu hatakuwa na cha kutoa."

"Wewe ndiye unaniambia niseme?" aliuliza Galina. "Wewe, mama?"

"Mimi."

Galina alitazama pembeni kana kwamba kuna mtu amepita. Akasema bibi mzee anaita, akakata simu.

Jumatano mtoto aliamka mkimya. Alikunywa chupa nzima bila kuvuta pumzi, akacheua kidogo, hewa tupu, akacheka akiutazama moshi wa jiko. Alhamisi vilevile. Tumbo lilikuwa laini. Parascovia alimwogesha kwenye beseni akamwimbia wimbo wa kukoboa mahindi, ambao alikuwa hajauimba kwa miaka kumi, na Tudosia akauliza kwa sauti kutoka uani kama kuna harusi.

Galina alikuwa amesema. Parascovia alikuja kujua baadaye. Jumatano asubuhi, akiwa na sinia la kifungua kinywa mkononi, alimwambia Bi Ornella kwamba anataka Jumapili yake, chumba chenye mlango, na pasipoti. Hakupaza sauti. Bi Ornella naye hakupaza sauti. Alisema ameelewa, asante kwa kuwa mkweli, atafikiria. Jumamosi alikuja mwanamke kutoka Albania, mnene, mwenye viatu safi, kuitazama nyumba. Bi Ornella alimwonyesha jiko, bafu, kiti cha magurudumu na namna ya kukifunga breki. Alimwonyesha kitanda cha kukunja. Mwanamke yule alikibonyeza kwa kiganja, akasema kinatosha kabisa. Galina aliwatengenezea kahawa wote wawili. Yule wa Albania alipokwenda, Galina aliomba msamaha. Aliuomba jikoni, akasikilizwa, akasamehewa.

Jumamosi hiyohiyo, alasiri, Ilinca alikunja magoti na kupiga ukelele uliowafanya majirani waache mapipa yao. Kitambaa cha moto hakikusaidia. Kuzungushwa miguu hakukusaidia. Zinaida aliitwa, akaja kwa baiskeli, na wanawake watatu wakapokezana begani kwa saa nzima. Yalitoka mafungu sita. Mengine hayakuwa maneno kamili. La mwisho lilikuwa refu, nalo lilianza kwa "Bi Ornella, mama yako mwenyewe ananiita binti yangu," na likaishia mahali ambapo Zinaida alimziba Tudosia masikio kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

"Alijaribu," alisema Parascovia.

"Wanajaribu wote," alisema Zinaida, akijifuta maziwa begani. "Yule wa Ureno alijaribu mara mbili. Sasa yuko kwenye nyumba mbaya zaidi."

"Aje nyumbani."

"Mama, aje ale nini? Na huyu atakunywa nini?"

Wote watatu waliyatazama makopo kwenye rafu. Yalikuwa mapya, yamefika na basi la wiki ile.

Baada ya hapo mambo yakawa na utaratibu wake. Parascovia alijua ni begani upande upi mtoto hutoa haraka. Alijua kumketisha wima nusu saa baada ya chupa, na kutomfunga nepi kwa kumbana. Zahanatini waliweka benchi barazani kwa watoto wa aina hiyo, na siku za Alhamisi mabibi wanne, watano waliketi hapo na vitambaa begani, kila mmoja akisikiliza sauti ya binti yake na kujifanya hasikii za wenzake. Padri alipita siku moja akawabariki, akauliza kama wanahitaji jiko la pili kwa ajili ya baridi. Mwenyekiti wa kijiji alisema ataandika barua, ila hakujua barua ya namna hiyo huandikwa kwa nani.

Mwezi wa kumi na mbili maneno ya Ilinca yalianza kupungua. Kwanza yakawa mawili kwa siku, kisha moja. Kisha likawa neno moja tu, "hapana," dogo, lililotoka asubuhi kama kwikwi. Siku moja halikutoka. Wala siku iliyofuata. Mtoto alikunywa, akacheua hewa, akalala, mashavu yamejaa.

Parascovia alipiga simu mwenyewe, siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Amecheua hewa tupu," alisema.

"Vizuri."

"Na juzi pia. Na siku ya kabla yake."

"Vizuri, mama. Nilikuwa na wasiwasi naye."

"Wamekurudishia pasipoti?"

"Hapana."

"Kitanda je?"

"Ni kilekile."

"Jumapili wanakupa?"

"Nusu. Wakati mwingine." Galina alikuwa akikunja taulo huku akiongea, kona kwa kona. Uso wake ulikuwa umetulia kama picha ya kwenye kitambulisho.

"Sasa mbona mtoto hana kitu tumboni?"

Galina alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa ameweka wapi mkasi.

"Nimezoea," alisema.

Alhamisi Zinaida alimpima mtoto uzito, akaridhika, akaandika kwenye kadi kwamba amepona na hakuna haja ya kurudi. Akamnong'oneza Parascovia kwamba ana bahati, maana mtoto wa yule wa Ureno bado anacheua matusi. Mabibi wa kwenye benchi walisogea kuziba nafasi yake.

Nyumbani Parascovia alitengeneza chupa, akamlisha. Ilinca aliimaliza yote. Alimweka begani, na mara moja mtoto akacheua, safi, akaanza kusinzia. Parascovia hakumlaza. Aliendelea kumpigapiga mgongoni, kuanzia chini kwenda juu, upande ule alioujua. "Sema," alimwambia. "Sema tu, bibi yuko hapa." Alimpigapiga mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka maziwa yakamrudi mtoto na kumlowesha yeye bega lote, na neno halikutoka.