Mabawa ya Zambia

Mwalimu Kiama aliandika majina ya nchi kwenye vipande vya karatasi, akavitia ndani ya mkebe, na kila mtoto wa Gredi ya Nne akachota kimoja. Mjukuu wangu Celine akachota Zambia. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, mkoba unampiga mgongoni.

"Susu, mimi ni tai!"

"Tai wa wapi?"

"Wa Zambia, yule wa kula samaki. Ako hadi kwa bendera yao. Ijumaa kila mtu anakuja kama ndege ya nchi yake, na wazazi wanakuja kuona. Caro ni korongo wa Uganda. Allan ni tausi ya India, na mamake ameshapata manyoya ya bluu, Susu, ya bluu kabisa!"

"Na Kenya amechukua nani?"

"Irungu. Tukabishana. Wengine wanasema ni jogoo, wengine wanasema ni kale kandege ka rangi mingi kanakaa kwa waya ya stima. Ticha akasema hakuna mahali imeandikwa, achague mwenyewe." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini mimi sina manyoya."

Celine ni mtoto wa binti yangu Kalunde, anayefanya kazi ya usafi Magadi. Joto la kule lilikuwa linamtoa mtoto damu puani, ndipo Kalunde akaniletea akiwa na miaka minne. Siku ile alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mama, nakuachia roho yangu." Sijasahau. Kila asubuhi nikifungua macho, jambo la kwanza ni kusikiliza kama mtoto anapumua.

Tunaishi Kitengela, nyuma ya mtaa wa Noonkopir, mahali nyumba zinaishia na mbuga inaanza. Mimi ni fundi wa nguo. Tangu mume wangu Kivuva afariki, miaka kumi na moja sasa, nimezoea kuangalia. Mwanamke anayeishi bila mwanamume huangalia: nani amepita, lango limeachwaje, mbwa wa jirani wanabweka upande gani. Nasema haya ili mjue kwamba macho ninayo.

Jumanne nilipiga magoti, nikamwomba Mungu manyoya. Si ombi kubwa, nilimwambia. Ni ya mtoto.

Jumatano nikitoka ushirika wa akina mama nilikata njia kupitia korongo la mto uliokauka, upande wa mbuga. Nikakuta mzoga wa ng'ombe chini ya mgunga, na kando yake ndege watatu wakubwa, kahawia, wamelala chali na kucha zimekunjwa. Tai. Mmoja bado alikuwa na joto. Mahali penyewe palikuwa kimya. Nikaona kwamba hata nzi walikuwa chini, wamekufa, wametapakaa juu ya ngozi ya ng'ombe kama pilipili manga iliyomwagika.

Niliona hayo yote. Nikasema, "Asante Bwana," nikatoa mkasi kwenye mkoba.

Nilikata mabawa mawili, nikayafunga kwa leso. Kwenye manyoya ya shingoni na mabegani kulikuwa na chembe ndogo ndogo za zambarau zimegandamana na ute. Nilidhani ni mbegu za majani fulani. Niliyaanika juu ya mabati siku mbili, kuku wasiyafikie.

Ijumaa asubuhi tuliamka mapema kumalizia. Katoni ya mgongoni ilikuwa tayari, kichwa tumekitengeneza kwa pamba nyeupe. Nilishusha mabawa, nikawa nakata ile ngozi iliyokauka, vipande vinaanguka chini, naye Celine anachomoa manyoya marefu na kuyapanga. Mikono ilipomjaa aliyashika kwa meno, mashina ndani, ncha nje, kama mimi ninavyoshika pini nikishona.

Nikacheka. "Angalia fundi wangu."

Akacheka pia, manyoya mdomoni. Akameza mate, akachukua mengine.

Saa moja alitoka na watoto wa jirani, mabawa mgongoni, akipita langoni kwa ubavu ili yasikwaruzwe. Mimi nilisema nitafuata saa tatu, nimalize kwanza kupiga pasi sare ya mtu.

Saa tatu ikikaribia nikasikia pikipiki ya Simel. Simel ni kijana wa Kimaasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa mbuga.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," nikaitika kwa Kimaasai; yeyo ni mama. "Leo umechelewa."

"Nyumbani hakuna amani." Alikuwa anamimina maziwa kwenye sufuria yangu. Mara akasimama. "Yeyo, kuku yako iko na nini?"

Nikageuka. Tetea wangu mweusi alikuwa anazunguka mahali pamoja, shingo imepinda, povu mdomoni. Mwingine alikuwa tayari amelala ubavu, miguu inapiga. Katikati yao vilikuwa vile vipande vya ngozi nilivyovikata asubuhi.

Simel aliweka kopo chini. Alichutama, akaokota unyoya mmoja kwa kijiti, si kwa mkono.

"Hii umetoa wapi?"

"Korongoni. Jumatano. Ni ya mtoto, ya shule."

"Hapo kwa mzoga?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yeyo, ile ng'ombe iliuawa na simba wiki iliyopita. Mtu alikasirika, akaweka dawa ndani ya nyama, simba akirudi akule. Simba hakurudi. Mbwa yetu mbili zimekufa. Fisi imekufa. Hao ndege wamekufa. Ile dawa ni ya wadudu, chengachenga za zambarau."

Niliona meno ya mjukuu wangu na yale mashina katikati yake.

"Simel, mtoto ameyatia mdomoni."

Hakuuliza lingine. Alimwaga maji yangu yote ya sabuni mikononi mwake na mwangu, tukasugua, akawasha pikipiki. Kopo la maziwa tuliliacha uani. Njiani nilimpigia Mwalimu Kiama mara nne na mara nne hakushika. Nilitaka kuomba, na maneno hayakuja. Lililokuja ni moja tu, ile asante niliyosema pale korongoni, na niliogopa kwamba Mungu alikuwa ameisikia.

Shuleni watoto walikuwa wamejipanga uwanjani, wazazi kwenye viti. Mwalimu Kiama ameshika maikrofoni. Allan alikuwa ametandaza mkia wake wa tausi, watu wanapiga makofi. Baada yake akaja Celine.

Nilimwona kutoka getini. Alikuwa anatembea kama mtu anayetafuta ardhi kwa miguu. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mimi ni tai wa Zambia," akasema kwenye maikrofoni. "Mimi ninaishi..."

Mate yakamtoka. Hayakuwa matone, yalishuka kama uzi mrefu hadi kifuani. Akafuta kwa mkono, yakatoka tena.

"Tai ameona samaki!" Irungu akapiga kelele, na uwanja mzima ukacheka. "Teacher, tai anatoa udenda!"

Hata wazazi walicheka. Nilipita katikati ya viti bila kumwambia mtu samahani. Nilikata kamba za mabawa kwa mkasi, nikayatupa chini, nikamvua sweta.

"Susu, sijamaliza," akaniambia, akianza kulia. "Unaniharibia."

"Mtu asiguse hayo manyoya!" nikapaza sauti. "Kila mtoto aliyeyagusa anawe mikono na sabuni. Sasa hivi! Ni sumu!"

Kicheko kilikatika. Simel alisimama juu ya yale mabawa, miguu yake mirefu huku na huku, watoto wasikaribie. Mwalimu Kiama alituweka ndani ya gari lake, na Simel akamwachia mpishi wa shule ulinzi, akatufuata kwa pikipiki. Celine alikuwa mapajani mwangu. Alitapika mara mbili. Nilimfuta kwa leso yangu, na leso nikaitupa.

"Mama," Mwalimu Kiama akaniambia, anaangalia barabara. "Hayo manyoya ni ya tai kweli? Si ya kuku umepaka rangi?"

"Ni ya tai."

"Sikiliza basi. Hao wanalindwa na sheria. Ukisema hospitali, wataita watu wa wanyamapori. Watakushika. Na mimi wataniuliza nani alituma watoto manyoya. Sema ni ya kuku, na mtoto amekula kitu kibaya. Dawa ya kutapika ni ileile."

Sitawadanganya: niliyashika yale maneno. Niliwaza seli. Niliwaza Kalunde akija kumchukua mtoto na kumrudisha kwenye lile joto, na mimi nimebaki na jina la mwanamke aliyeua roho aliyoachiwa. Nilisema ndani yangu, pengine ni ileile kweli.

Daktari alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Nyawira. Alimlaza Celine, akauliza amekula nini. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu Kiama akasema, "Chakula, daktari. Inaonekana chakula cha jana kilikuwa kimeharibika."

Daktari akaanza kuandika.

Niliinama kumshika Celine mkono, naye akanitazama. Madirisha ya chumba kile yalikuwa madogo, mwanga hafifu, na mboni za macho yake zilikuwa zimefinywa, ndogo kuliko tundu la sindano. Miaka thelathini nimetunga uzi kwenye sindano. Sijawahi kuona macho ya mtu hivyo. Kifua chake kilikuwa kinakoroma kama mtu aliye ndani ya maji.

"Si chakula," nikasema. "Daktari, acha kuandika. Mimi nilikata mabawa ya tai aliyekufa kwa mzoga wenye sumu. Nikampa mtoto. Alishika manyoya kwa meno saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kulikuwa na chembe za zambarau, niliziona, nikasema ni mbegu."

Mwalimu Kiama aliangalia viatu vyake.

"Ni sumu gani?" daktari akauliza. Sasa alikuwa anaenda haraka.

"Sijui jina lake."

Simel alikuwa mlangoni. Alivua kofia. Akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa mkebe mtupu uliofungwa kwa mifuko miwili ya plastiki.

"Nilikuwa naenda kuizika mbali," akasema. "Usiniulize ni ya nani, daktari. Ni ya mzee wetu. Soma tu."

Daktari alisoma, akamwita sista kwa sauti ambayo sikuipenda. Walimvua Celine nguo zote, wakamwosha mwili mzima na nywele. Wakamtia dripu. Daktari akanishika bega.

"Mama, hii sumu inafungua maji yote ya mwili. Mate, jasho, mpaka mapafu yanajaa. Nitampa sindano ya kukausha, na ingine, na ingine, mpaka mdomo ukauke. Ukikauka, tumemshika. Usimpe maji hata akilia."

Nilikaa. Kitengela yote tunaomba mvua, mbuga inapasuka, ng'ombe wanakufa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimwomba Mungu ukavu. Kila sindano ilipoingia niliweka kidole kwenye mdomo wa mtoto. Umelowa. Ya pili, umelowa. Ya tatu alianza kurusha mikono, akaongea mambo ambayo hayapo, akaniita mwalimu. Sista akasema ni dawa. Mimi sikujua dawa ni ipi na kifo ni kipi.

Katikati ya hayo nilimpigia Kalunde.

"Mama, mbona unapiga saa hizi? Niko kazini."

Nilimwambia yote, tangu ule mkebe wa majina hadi sindano ya tatu.

"Ulimpa, Mama?"

"Nilimpa. Niliona, na sikuangalia."

"Nakuja," akasema. Hakusema kwaheri.

Saa nane mchana mtu wa wanyamapori alifika, mwanamume wa makamo mwenye sare ya kijani. Daktari ndiye aliyemwita, kwa sababu ule mzoga ulikuwa bado korongoni na watoto wa watu wanachunga huko. Aliongea na Simel kwanza, kisha akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye ulikata mabawa?"

"Ni mimi."

"Itabidi utuonyeshe mahali. Halafu utaandika taarifa ofisini."

"Nitakuja. Si sasa."

"Mama, si ombi."

"Susu."

Sote tuligeuka. Celine alikuwa amefumbua macho, na mboni zilikuwa zimerudi kubwa, nyeusi, kubwa kupita kawaida. Uso ulikuwa mwekundu kama mtu aliyekaa karibu na moto. Ulimi ulikuwa unamganda mdomoni.

"Susu, kiu."

Niliweka kidole. Mdomo ulikuwa mkavu, mgumu kama karatasi. Nilimwita daktari, jina lake likanipotea, nikaita tu, "Wewe! Wewe, njoo!" Alikuja, akasikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu, akaangalia ulimi.

"Umekauka," akasema. "Lakini sumu inaweza kurudi, Mama. Tutamwangalia mpaka kesho. Ukiona unalowa tena, niite."

"Maji," Celine akalia. "Susu, kidogo tu. Susu, tafadhali."

"Bado, mama. Bado."

"Wewe ni mbaya."

"Ndiyo," nikamwambia. "Lia tu."

Mtu wa wanyamapori alikuwa bado amesimama. Nilimwambia mama ya mtoto yuko njiani kutoka Magadi, amepiga simu ameshafika Kiserian, kwamba nitamkabidhi mtoto kwake kwa mkono wangu, ndipo nitaingia garini na anipeleke anakotaka. Alitazama saa, akamtazama Celine, akavuta kiti.

Nikaendelea kugusa ile midomo kwa mgongo wa kidole, kila dakika chache, nikiogopa kuikuta imelowa.