Hiyo Si ya Kuuza

Jumanne asubuhi Mama Cheche alifunga hela zake kwenye kitambaa, akaandika kiganjani kwa kalamu "kilowati sita, zisipungue," akatoka kwenda kununua jenereta. Mashine yake ya kuchomelea ikamfuata.

Ilimfuata kama mbuzi aliyemzoea mtu, hatua kumi nyuma, ikiburuta nyaya zake mbili vumbini. Ilikuwa imeanza kutembea wiki ile ile mdogo wake alipoungua mikono, na mtaani hakuna aliyelijali jambo hilo ila fundi viatu wa kwenye kona.

"Mama Cheche, kifunge hicho kitu chako. Kinanizibia wateja."

"Hakiumi."

"Wateja wenyewe hawajui kama hakiumi."

Mwaka uliopita yeye na mdogo wake walinunua jenereta kwa Mzee Dhamana. Kibandiko kilisema kilowati nane. Kwenye kijiti cha tatu cha kuchomelea, wakiwa bado kwenye grili ya kwanza, ikashika moto, na mdogo mtu akakimbilia kufunga koki ya petroli. Tangu siku hiyo kikombe cha chai anakibana kwa vifundo vya mikono. Walipoirudisha ile jenereta, Mzee Dhamana alisoma karatasi yake pole pole, akasema dhamana haihusu kuchomelea.

"Kwani nilikwambia naitaka ya kunyolea?" Mama Cheche aliuliza.

Sasa alikuwa anarudi kule kule, kwa sababu mji ule ulikuwa na maduka matatu ya jenereta: moja la Mzee Dhamana, moja la mkewe, na moja la shemeji yake. Umeme wa nguzo nao ulikuja siku ukijisikia. Na kwenye zahanati wanawake walikuwa wanajifungulia nyuma ya shuka lililotundikwa, wanaoleta wagonjwa wakipita na kuchungulia, zahanati ikisubiri mlango wa chuma ambao Mama Cheche aliahidi kuutengeneza na kuufunga Ijumaa. Hela ya kitambaani ilitosha jenereta moja. Akikosea mara hii, basi tena, na mlango ungebaki vyuma.

"Karibu mama, chagua. Zote nzima," alisema Mzee Dhamana.

Zilikuwa kumi na tisa, nyekundu na njano, zinang'aa kama peremende. Kwenye kiti pembeni alikaa mkaguzi wa vipimo, soda mkononi, muhuri mfukoni. Mzee Dhamana alivuta kamba ya jenereta ya kwanza, ikanguruma, taa moja iliyoning'inia darini ikawaka. Wateja wawili waliokuwa pale wakasema "ahaa" kwa pamoja. Ndivyo jenereta zilivyojaribiwa dukani pale, kwa taa moja.

Mashine ya kuchomelea iliingia, ikapita kwenye mstari. Kila ilipofika penye jenereta ilinyoosha waya, ikanusa, ikarudi nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ilipofika kwenye ile kubwa kuliko zote, yenye kibandiko cha kilowati kumi, iliipa mgongo kabisa.

"Imekataa," alisema Mama Cheche.

"Mama, mashine haichagui. Anachagua mwenye hela."

"Mwenye hela ni mimi. Lakini anayeunguaga siyo mwenye duka. Tujaribu kwa kijiti."

"Hapa tunajaribu kwa taa."

Hakumsubiri. Mama Cheche alichomeka waya wa mashine kwenye ile ya kumi, akavuta kamba, akavaa miwani, akagusisha kijiti kwenye kipande cha chuma alichokuja nacho. Kijiti kikigusa chuma, mashine huvuta pumzi moja kubwa, na hapo ndipo ukweli wa jenereta hujulikana. Ile ya kumi ilipiga chafya, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Kibandiko kiliendelea kung'aa. Debe tupu.

"Mkaguzi, umeona?"

"Nimeona," alisema mkaguzi. Alifuta mdomo, akafungua daftari, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili kusiwe na malalamiko: "Mashine moja imeingia dukani bila kufungwa kamba." Akapiga muhuri.

Wakati huo mashine ilikuwa imeshapita mlango wa nyuma. Uani, chini ya bati, palikuwa na jenereta nzee nyeusi isiyo na rangi wala kibandiko. Hiyo ndiyo iliyoendesha feni za duka, friji ya soda na taa zote. Mashine ikajilaza kando yake kama paka kando ya jiko.

Mama Cheche aliifuata, akavua miwani. "Hii unauzaje?"

"Hiyo si ya kuuza, mama," alisema Mzee Dhamana. "Hiyo ni ya kutumia."

Kati ya waliokuwepo hakuna aliyeona neno hilo lina kasoro yoyote.

Wapagazi wanne walijaribu kuinyanyua mashine, haikunyanyuka hata kidole. Mzee Dhamana alifoka mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake Mama Cheche alileta vyuma vya mlango pale pale uani, akachomeka, akaanza kazi. Mwenye duka alitoka na rungu, akakuta watu wamejaa uchochoroni wanatazama cheche. Akalirudisha rungu ndani, akatoka na ubao: JENERETA ZETU ZINACHOMELEA. JIONEE MWENYEWE.

Siku hiyo aliuza sita.

Mama Cheche alikuwa akiinua miwani kila mteja anapopita. "Kaka, sikiliza, siyo hizo za mbele. Hizo zinaunguza watu."

"Lakini dada, wewe mwenyewe si unachomelea?"

"Nachomelea kwa hii ya nyuma!"

"Na mimi nimeona taa ikiwaka kwa macho yangu," alisema mteja, akaondoka na jenereta yake begani, anapiga mluzi.

Ijumaa mchana mlango ulikamilika, bawaba zote tatu, imara. Mashine iliinuka yenyewe, ikajikung'uta vumbi. Mama Cheche aliifunga kamba shingoni, kama daftari la mkaguzi lilivyotaka, kitambaa chake cha hela kikiwa bado kimefungwa, kwa kuwa mji mzima haukuwa na jenereta ya kufaa kununuliwa.

Mdogo wake alikuwa amekuja kusaidia kuusindikiza mlango zahanati. Alipoona foleni mbele ya duka, alisimama katikati ya barabara, akainua mikono yake yote miwili juu, vidole vimegandana, ngozi imevutika mpaka kwenye kiwiko, waione vizuri.

Wateja walidhani anawasalimia. Wakampungia.