Gasketi ya Mikato Mitatu

Jua la Nairobi likifika Kirinyaga Road halina adabu. Linaruka juu ya mabati, linajitazama kwenye vioo vilivyotundikwa madukani, linashuka kwenye marundo ya rimu na bampa, halafu linampiga mtu machoni bila hata kumsalimu.

Ndani ya jua hilo, asubuhi ya Alhamisi, alisimama Muema, fundi wa magari wa Kabiria, mbele ya duka la spea la Gichuru. Mkononi alishika gasketi kuukuu iliyoungua. Kichwani alibeba maneno ya Mzee Shem Obuya wa Kileleshwa, mwenye gari: "Ikichemka tena, nauza chuma kwa kilo, na wewe tusijuane."

Alikuwa na haki, mzee wa watu. Gasketi hiyo iliwekwa na Muema mwenyewe, bila kupima, na iliungua mlimani wakielekea Siaya, mke wa mzee, Mama Philister, akiwa ndani. Kwa saa nne nzima mama yule alisimama kando ya barabara na mkoba wake, na hapo hapo akaapa kwamba gari hilo hatalipanda tena.

Na injini yenyewe, jamani! Pistoni sita, mstari mmoja. Ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, ya pili na ya tano hupanda pamoja, ya tatu na ya nne hupanda pamoja, hizi zikishuka zile zinapokea, wala hakuna anayemsukuma mwenzake. Ina miaka thelathini na bado ikiwaka vizuri unaweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Muema aliipenda kwa namna ambayo wanaume wengine huona aibu kuisema.

Basi kati ya bloku na kichwa cha injini ya namna hiyo hukaa gasketi: bamba jembamba lenye matundu, moto huku, maji kule, na kazi yake ni kuhakikisha wawili hao hawakutani. Huja kwa unene tofauti. Ukingoni hukatwa alama: mkato mmoja ni gasketi nyembamba, mikato miwili ni ya wastani, mikato mitatu ni nene. Ukikosea hapo, umekosea kote.

"Sasa, Muema," Gichuru alisema. "Si nikupe tu kama hiyo umeshika?"

"Hapana, bana. Bloku ilienda kwa mashine, ikakwanguliwa. Pistoni sasa zinapanda juu yake kuliko zamani. Hii haisemi ukweli tena."

"Zimepanda ngapi?"

Hilo Muema alilijua! Safari hii alikuwa amepima, akaandika namba kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto, akapanda gari la mjini akiwa amekunja ngumi kwa heshima zote. Akakifungua kiganja. Kilikuwa cheupe, safi, kinang'aa.

Kumbe alipoteremka alipita kibandani kula chapati na maharagwe. Mama wa kibanda akammiminia maji, akampa sabuni, naye akanawa kidole kwa kidole kama mtoto aliyelelewa vyema. Malezi mema yamemponza mtu mzima! Ilibidi ampigie simu mkewe, Kasiva, fundi cherehani ambaye kibanda chake kimeegemeana na gereji.

"Mama Musili, uko karibu na injini ya Mzee Shem?"

"Niko na gauni la bibi harusi mkononi. Kwani?"

"Nimenawa mikono."

"Hongera."

"Namba ilikuwa kwa mkono, Kasiva!"

Alicheka, yule mwanamke, akacheka mpaka Gichuru naye akatabasamu bila kujua anachekea nini. Kisha akaweka gauni chini, akaenda. Miaka kumi amekuwa akimletea mumewe chai ya saa nne, na miaka kumi macho yake hayakuwa yakitazama kikombe. Saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale na mguu mwembamba, aliijua. Akaisimamisha juu ya bloku, mshale ukasoma sufuri, akausogeza mguu wake juu ya pistoni.

"Ya kwanza sitini na sita. Ya sita, sitini na sita."

"Basi! Ni namba hiyo hiyo niliyoandika. Mikato miwili. Asante, kata simu."

"Ngoja. Na hizi nne za katikati ulipima?"

Muema akakitazama kiganja chake cheupe.

"Hizo ni sawa tu. Zinafuatana."

"Nani amekwambia? Mimi nikipima mtu bega nikaacha kiuno, hiyo nguo atavaa nani?"

Gichuru aligonga kaunta na kusema kuna watu wanangoja. Muema akamwinulia kidole. Upande wa pili wa simu alisikia spana kubwa ikiuma, akasikia pumzi ya Kasiva ikivutwa na kuachiliwa, injini ikizunguka polepole, pistoni mbili zikizama, mbili zikiibuka. Sita, mstari mmoja, na mikono ya mshonaji juu yake.

"Ya pili sitini na saba. Ya tano, sitini na sita. Ya tatu, sitini na saba." Akausogeza mguu wa saa. "Ya nne, sabini na nane."

"Rudia."

Akarudia. Akarudia tena bila kuombwa.

"Sabini na nane, Baba Musili. Mshale umekataa kutoka hapo."

Namba hizo ni sehemu za mia za milimita, na tofauti hiyo haifiki unene wa uzi wa cherehani. Lakini gasketi huchaguliwa kwa pistoni iliyopanda kuliko zote, na mwisho wa mikato miwili ni sabini. Angeweka ile ya wastani, pistoni ya nne ingegonga kichwa cha injini njia nzima. Muema akaiweka ile gasketi kuukuu juu ya kaunta. Aliona haya, na ndani ya haya hiyo, sitalizungusha neno, alimpenda mkewe upya kabisa.

"Nipe ya mikato mitatu," alimwambia Gichuru.

Jumamosi, saa tatu, gari liliwaka. Muema na Mzee Shem walilipeleka mpaka Ngong na kulirudisha, kwa mwendo wote, na mshale wa joto ulikaa katikati. Likasimama mbele ya gereji likinguruma taratibu. Mzee Shem akashuka, uso umefunguka, akamnyooshea Muema mkono.

Muema hakuupokea.

"Mzee, mimi nilipima mbili nikaridhika. Ningekuharibia gari mara ya pili. Aliyepima zote sita ni huyu."

Kasiva alisimama mlangoni, pini mdomoni, hawezi hata kusema karibu. Mzee Shem alimtazama Muema, akamtazama Kasiva. Kisha akavua kofia, akampa Kasiva mikono yote miwili.

Mama Philister, aliyeshikilia kiapo chake na kukataa safari ya Ngong, alikuwa bado kwenye benchi la gereji na mkoba wake magotini. Akainuka, akamsogelea Kasiva, akamtoa uzi mweupe begani.

"Kumbe ni wewe unanipeleka nyumbani Siaya," akasema, akaingia kiti cha mbele cha gari, akafunga mlango.