Kilomita wa Mteremko wa Ilunde

Usiku wa jana niliota nimebeba injini mgongoni kwa kitenge cha dada yangu Kabula, naikimbiza kwa wakala kabla waranti haijafa.

Injini yenyewe ni ya pikipiki yangu. Ilinoki, ikakwama kabisa, wiki iliyopita karibu na Ipole, nikaletwa Tabora juu ya lori la mbao, mimi na pikipiki tumelala ubavu kwa ubavu. Hiyo si ndoto, hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni hii: mwezi wa tatu nilichomoa ule waya unaotoka gurudumu la mbele kwenda kwenye mita, ili mita isihesabu. Waranti inasema miezi kumi na miwili au kilomita elfu sita, kitakachotangulia kufika. Miezi huwezi kuizuia. Kilomita nikaziziba mdomo. Mita ikasimama kwenye 2,114, nikafunga ncha ya waya kwa kipande cha mpira, nikaendelea na safari zangu. Mimi ni mtu wa kutembea tangu zamani. Hata shule nilisoma kwa vipande: darasa la kwanza Nzega, la pili Kahama, la tatu sikulikuta popote.

Basi, ndotoni Injini analalamika mgongoni.

"Mzee Mihayo, nina kiu."

"Vumilia, tunafika."

"Nina kiu tangu mwezi wa nne. Mbona hukunibadilishia oili?"

"Mita ilikuwa haijafika elfu tatu."

"Mita si uliiziba mdomo mwenyewe?"

"Niliiziba."

"Halafu ukawa unaiuliza oili ni lini?"

"Sasa ningemuuliza nani?"

Nikaona nimemshinda hoja.

Ofisi ya wakala iko ndani ya darasa langu la Nzega, ila madawati yamegeuzwa yanatazama nje. Karani ni Kitabu cha Waranti mwenyewe. Amekaa kwenye kiti, kava limefunuka kidogo kwa ajili ya joto, amevaa miwani. Nyuma yake kuna rafu, na juu ya rafu Injini Mpya amekaa ndani ya nailoni. Begi lake limeshafungwa. Anatafuna karanga, na nailoni haijatoboka.

"Sheria unaijua, mzee?" Karani akaniuliza.

"Naijua. Kitakachotangulia kufika."

"Basi kaa hapo, tuone."

Miezi ikaja kwanza. Ilikuwa minane, kila mmoja na mwavuli wake, wanatembea kama watu wanaotoka msibani, hawana haraka na mtu. Mwezi wa Tatu amelowa chapachapa. Akaniambia shikamoo, nikaitika marahaba. Mwezi wa Nane akakataa kuniamkia. Alisema mimi nilizaliwa kwake, kwa hiyo shikamoo inaanzia kwangu. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza kama nimeshakula.

"Wanane," Karani akaandika. "Kumi na wawili hawajatimia. Kilomita!"

Kilomita wakatoka kwenye mita mmoja mmoja, wamejipanga mstari kama kanga wanaovuka njia. Karani akawahesabu kwa kuwanusa. Wengine aliwanusa mara mbili.

"Elfu mbili mia moja na kumi na nne," akasema. "Hawajafika popote hawa. Injini Mpya, shuka."

Injini Mpya akashuka rafuni, akanipa mkono. Mkono wa baridi, una grisi ya kiwandani.

"Tunaanzia wapi, mzee?"

"Uvinza."

"Kuna nini Uvinza?"

"Sijui. Ndiyo maana."

Akacheka. Nikampenda hapo hapo. Mgongoni, Injini wangu wa zamani akakohoa kikohozi kikavu.

Mara ukuta wa darasa haupo. Tuko kwenye barabara ya Inyonga, njia ya vumbi, meza ni ile ile, Karani ni yule yule. Kwa mbali vumbi jekundu linainuka. Wanakuja kilomita wengine, wale ambao mita haikuwahesabu. Wengi kuliko kumbikumbi. Wana miiba miguuni, wamechoka, wanasema wote kwa pamoja, "Na sisi je? Na sisi je?"

Karani anavua miwani, anaiweka katikati ya kurasa zake.

"Mzee, hawa ni wako?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ukimkiri mmoja tu, umekiri waya. Ukikiri waya, mimi najifunga, na injini utabaki na hiyo hiyo iliyokufa. Ukiwakana, wanalala majanini, mambo yamekwisha."

Nikafikiri. Bila injini mimi ni mzee wa kibarazani kwa Kabula, nasubiri chai. Kabula ni dada mwema, lakini kibaraza chake ukishakiona mara moja umekimaliza.

Kilomita wa kwanza akasogea. "Mimi wa Sikonge. Kwangu ulinunua mihogo ya kukaanga, ukaomba pilipili zaidi."

"Sikujui."

Akalala chini, majani yakamfunika.

"Mimi wa Koga. Ulisimama kwangu ukanikojolea."

"Wewe ndiyo sikujui kabisa."

"Mzee mzima!" akasema, akalala naye.

Nikaendelea. Niliwakana kilomita elfu nne kwa muda wa kupiga chafya moja. Nilipotazama chini nikaona makobazi yangu ya tairi, ambayo visigino vyake vilikuwa vimelika, yanaota soli. Ufa wa kidole gumba unaziba. Weusi wa jua unatoka mikononi mwangu na kurudi juani. Hata Injini mgongoni anazidi kuwa mwepesi, kama kitu ambacho hakijawahi kupelekwa mahali.

"Unaendelea vizuri," Karani ananiambia. "Kabaki mmoja."

Huyo wa mwisho alikuwa mfupi, ananukia asali, anachechemea. Hakusema "na mimi je." Alisimama tu anatazama pembeni.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi sina neno. Nikane tu, mzee. Hakuna aliyeona."

"Wa wapi?"

"Mteremko wa Ilunde. Ulizima injini ukaniteremka kimya kimya."

"Nilikuwa naokoa mafuta."

"Miguu ukaiweka juu ya usukani."

"Ilikuwa inauma."

"Dumu la asali linavuja nyuma, nyuki wanakufukuza, una miaka sitini na tisa. Ukapiga kelele."

"Kelele gani?"

Kilomita akajaza kifua, akaipiga ile kelele. Ilikuwa yangu. Miezi yote minane ikafunga miavuli ili isikie vizuri.

"Mzee," Karani akasema, kalamu mkononi, "unamjua huyu?"

Injini Mpya ameshanishika bega. "Uvinza," ananinong'oneza. "Uvinza, mzee."

Nikamtazama yule mfupi. Nikisema simjui, nani mwingine anamjua? Mimi na yeye tu, na nyuki.

"Namjua," nikasema. "Huyu ni wangu."

Karani akajifunga pa! Miwani ikabaki ndani. Injini Mpya akapanda rafuni na begi lake, hakuaga. Majanini wale niliowakana wakaanza kuinuka, wanajikung'uta, wa Koga akiwa mbele anatukana. Visigino vya makobazi vikalika tena. Na mgongoni uzito ukarudi wote kwa mara moja, na sauti ikasema:

"Haya. Sasa nipe oili."

Nikaamka. Kumekucha, Kabula anafagia uwanja.

"Kaka Mihayo, amka unywe chai twende kwa wakala mapema. Nitawaambia kama tulivyopanga: tangu mwezi wa tatu uko hapa kwangu, goti linakusumbua, hujatoka hata kwenda gengeni."

Nikaenda kibarazani ilipo pikipiki. Waya unaning'inia pale pale, mpira haujafunguliwa. Nikafuta kioo cha mita kwa kiganja, nikasoma. Nikafuta tena, nikasoma.

"Kabula, kuna mtu kaigusa hii?"

"Nani aguse chuma kilichokufa?" Akaja na ufagio wake, akainama. "2,115. Kwani ilikuwa ngapi?"

"Moja pungufu."

Akanitazama, akaitazama pikipiki, akanusa hewa.

"Mbona pananukia asali hapa?"

"Ni ya Ilunde," nikasema. "Wakala usimwambie kitu, dada. Nitasema mwenyewe kwamba imetembea."

Nikamwomba koleo, nikaanza kuufungua ule mpira.