Mkaguzi wa Nyayo

Nilimkuta mama kibarazani, mguu wake umelala mapajani mwa fundi viatu. Mzee wa watu miwani imemteleza hadi ncha ya pua, anausoma unyayo kama gazeti la asubuhi.

"Huyu ni nani?" niliuliza, hata salamu nimeisahau.

"Mkaguzi wangu," mama akajibu. "Na shikamoo umeiacha nyumbani?"

Nilikuwa nimekuja kumchukua. Hospitali ile ya ukoma, iliyomtunza tangu utoto wangu, ilikuwa inageuzwa chuo cha wauguzi. Mama alikwisha kupona zamani, ila ganzi ya miguu ilibaki. Aliruhusiwa kuendelea kukaa katika nyumba za nyuma au kurudi kwao. Baba alifariki mapema, tukabaki wawili, nami nikawa nampata mama kwa kijiko miaka yote, ziara moja moja. Sasa nilimtaka mzima.

Yeye hakuwa na haraka. Alinisimulia enzi za ukuta na mlinzi langoni, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wakikutana jioni tu penye bomba la maji. Mtu asiyehisi mwiba humhitaji mwenzake wa kumtazamia nyayo. Basi kila mmoja alijichagulia wake, na uchaguzi ule ulizua vita vya chini kwa chini.

"Tulikuwa na wivu, wee!" mama akasema. "Muuguzi mkuu alidhani tunapenda usafi."

Hapo ndipo nilipong'amua fundi huyu ni nani kwa mama. Damu ikanipanda. Nikamwambia yule mzee waziwazi kwamba mama anaondoka nami, na kama ni nyayo, nitazitazama mwenyewe.

Hakubisha. Alivua kiatu, akaninyooshea mguu.

"Basi jifunzie kwangu. Huu haujashikwa na mtu ila mama yako."

Niliushika. Ulikuwa mfupi, umebakiwa na vidole viwili, na ngozi yake imepakwa mafuta ikalainika. Hasira ilinitoka bila kuaga. Nilipitisha kidole gumba taratibu kuelekea kisigino, nikiogopa hata kupumua.

"Nakuumiza, baba?"

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko. Mama akashika mbavu.

"Siku utakayoniumiza," fundi akasema akijifuta machozi, "nitaialika hospitali nzima karamuni!"

Nami nikacheka. Mama ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Umemwitaje?"

Niliuweka mguu ule chini polepole.

"Lete wa pili," nikamwambia mzee.