Baridi ya Wubit

Sisi wa Debre Birhan, huku milimani Ethiopia, tumezoea baridi. Tunazaliwa ndani yake, tunaitukana kila asubuhi, kisha tunajifunga shuka nzito na kwenda kazini. Kwa hiyo jirani yangu Wubit alipoanza kulalamika kwamba anaganda, hakuna aliyemtilia maanani. Isitoshe, kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya injera ya hoteli, mbele ya moto tangu alfajiri. Sisi tulioingia jikoni mwake tulitoka tunatiririka jasho. Yeye alikaa palepale na koti la mumewe juu ya shuka, vidole vimekufa ganzi.

"We Wubit, hilo koti utazikwa nalo?" nilimtania siku moja.

Alicheka, ila kicheko kilichelewa. Maneno nayo yalikuwa yakichelewa. Ukimuuliza jambo alikutazama, akalitafuta jibu taratibu, na alipolipata wewe ulishahamia habari nyingine. Uso ulikuwa umemjaa, shingo imevimba chini ya koo. Na alikuwa na uroho wa chumvi usio wa kawaida: aliimimina kiganjani akailamba kama mtoto alambavyo sukari.

Mumewe, Demisew, aliendesha lori la mizigo la Jibuti, hivyo nyumbani Wubit alibaki na mama mkwe wake, Mama Itagenyi, mcha Mungu mwenye ulimi mkali.

"Huyu haumwi," alituambia. "Ana mapenzi na godoro."

Hata hivyo ni yeye aliyempeleka kliniki ya mtaani. Walimpima damu, wakasema tezi ya shingo imelala, na ndiyo inayouchochea mwili upate joto. Wakampa vidonge vya kufidia hiyo kasoro. Tulifurahi wote.

Hali ikawa mbaya zaidi. Akisimama, dunia ilimzunguka. Akila, alitapika. Akakonda, ngozi ikazidi kuwa nyeusi, hasa kwenye mistari ya viganja. Waliporudi kliniki, akaongezewa vidonge. Siku chache baadaye nikasikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta ameanguka kando ya moto, mkono wake baridi kama sufuria iliyolala nje.

Mama Itagenyi alivitupa vile vidonge chooni. "Dawa ya kweli haimwangushi mtu! Hili ni pepo."

Nilimsihi tumpeleke hospitali kubwa. Akaniuliza kama nami nimeolewa na mwanawe. Kesho yake akampeleka kwenye maji ya baraka, kwenye chemchemi moja bondeni ambako wagonjwa hulala katika vibanda vya mawe. Ili asitoroke, alimfunga mkono kwa kitambaa, ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Walilala hivyo, walikwenda msalani hivyo.

Yaliyotokea huko alinisimulia Wubit mwenyewe.

Kila alfajiri alivuliwa shuka, akamwagiwa maji yatokayo mwambani. Mara ya kwanza alitetemeka sana. Baadaye hata kutetemeka kuliisha, na hilo ndilo lililomtisha, maana alihisi mwili umekata tamaa ya kujipasha moto. Kichwani alikuwa mzima, akisikia kila neno. Watu walimjadili mbele yake, kama atakufa, kama Demisew ataoa tena, na nani. Kila alipoliandaa neno hadi mdomoni, mazungumzo yalikuwa yameshapita. Alijiona kama mtu aliyefungiwa chumbani, anagonga mlango, na walio nje wanadhani ni upepo.

Asubuhi moja mtawa mzee aliyeyasimamia maji, Abba Habte, aliinua mkono kabla ndoo haijamwagwa.

"Huyu anasemaje?"

"Hasemi, Abba," alijibu Mama Itagenyi. "Ni pepo bubu."

"Umemuuliza?"

"Mara ngapi!"

"Na ukamngoja ajibu?"

Mtawa akachuchumaa mbele ya Wubit. "Mwanangu, unataka nini?"

Akangoja. Waliokuwa foleni wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema jua litazama kabla huyu hajafungua mdomo. Mtawa hakugeuka.

"Baba," Wubit alisema mwishowe, "sina pepo. Ninakufa... kwa baridi. Nipelekeni hospitali."

"Mmelisikia?" Mama Itagenyi alipiga kelele. "Ndilo hilo linaongea! Linakimbia maji!"

Hapo, Wubit aliniambia, ndipo moyo ulipomvunjika. Kumbe akinyamaza ni pepo, na akisema ni pepo.

"Anaomba, mama. Hakimbii," alisema mtawa. "Maji haya yatakuwepo hata akitoka hospitali. Mfungue."

Mama Itagenyi hakumfungua. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili. Basi Wubit akainama na kuanza kuling'ata fundo, polepole, kwa nguvu kidogo zilizobaki. Midomo ilipofunuka, mama mkwe wake aliziona fizi: zilikuwa na madoa meusi, kama zimepakwa masizi.

"Mwanangu, kinywa chako kimefanya nini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya woga. Akalifungua fundo mwenyewe.

Hospitalini, nilikowakimbilia niliposikia, muuguzi aliweka kipimajoto, akakitikisa, akaleta kingine. Vyote vilisema jambo lilelile: joto lilikuwa chini mno. Dokta Selamawit alitazama fizi, akatazama viganja, akauliza habari za chumvi. Akaamuru maji ya mshipani na sindano mara moja, bila kungoja majibu ya damu.

Baadaye alituelezea. Tezi ya shingo ilikuwa imelala kweli, ila juu ya figo kuna tezi nyingine mbili ndogo, na hizo zilikuwa zinakufa. Ndizo zinazoupa mwili nguvu ya kustahimili na kuutunzia chumvi. Kumpa dawa ya shingo peke yake kulikuwa kuuharakisha mwili usio na akiba. Ilipasa kuanza na hizi.

Jioni ile Wubit aliomba shuka moja iondolewe. Mama Itagenyi alitoka nje akalia.

Alipona, kwa namna yake. Vidonge vya aina mbili, kila siku, maisha yote, na akitapika tu, mbio hospitali. Demisew aliporudi alikuwa na habari: amepata nyumba Semera, bondeni kwa Waafar, barabara ya Jibuti.

"Kule joto ni la bure, mke wangu. Tutakuwa pamoja."

"Na vidonge kule vipo?"

Dokta alikuwa ameshasema: dawa ya pili, ile ya tezi za figo, ni adimu hata hapa, na jasho la kule litamkausha chumvi.

"Basi nenda," alisema Wubit. "Mimi vidonge vimenifunga hapa."

Demisew hakuhamia Semera, lakini lori halikumruhusu kukaa nyumbani. Mama Itagenyi mpaka leo anawaambia watu kwamba ni maji yaliyomponya. Wubit habishani naye. Amehamishia kitanda chake chumba cha nyuma, na usiku mlango anaufunga mwenyewe, kwa ndani, asije akafungwa tena.