Neno la Kumi

Siku afisa wa wizara alipokuja kuamua kama serikali iendelee kutupatia fedha, mimi ndiye niliyemchagua Fundi apimwe mbele yake. Nilitaka kujigamba, nakiri. Kituo chetu cha chuo kikuu kinachunguza uzee, na katika miaka yangu kumi na miwili ya unesi pale sikuona mzee hodari wa kukumbuka kama yeye. Unamsomea maneno kumi, mnapiga soga kidogo, kisha anakurudishia yote bila kubakiza.

Zamani alikuja na mkewe. Mwaka wa kwanza mama huyo alikumbuka tisa, akasahau "sindano". Mke wa fundi cherehani! Fundi alicheka hadi akashika ukuta.

"Sindano ndiyo imekulisha miaka yote, mke wangu!"

"Ndiyo maana nimeichoka," mama akajibu.

Tangu hapo, kila asubuhi kwenye chai, Fundi alitaja yale tisa na mama akamalizia la kumi. Walinisimulia wenyewe. Jamani, nawakumbuka wakiingia katika bweni lile kuukuu tulilopewa kuwa ofisi, nguo zimepigwa pasi, wakigombania nani aanze kupimwa. Siku hizo magoti yangu hayakuwa yakiuma, na uzee niliuona ni mambo ya watu wengine.

Mama alifariki mwaka jana.

"Nesi," afisa akaniuliza, "mnapima wazee walewale kila mwaka. Tunapata nini?" Alikuwa binti mdogo, lakini neno lake ndilo lingefika wizarani.

"Ngoja uone," nikasema.

Nikasoma maneno mapya kumi. Tukaongea habari za mvua. "Haya Fundi, turudishie."

Akanyoosha mgongo. "Mlango. Ndizi. Barua. Kikombe. Mto. Shangazi. Kofia. Moto. Kengele."

Halikuwemo hata moja la leo. Nilijua nimekizika kituo kwa mikono yangu. Fundi alikuwa amegeukia kiti kitupu kando yake, anatabasamu.

"Haya, mama watoto, malizia."

Nikafungua kabati, nikatoa fomu ya kwanza ya marehemu, nikaiweka mbele ya afisa. Mwandiko ulikuwa wangu: amekumbuka tisa, amesahau sindano. Fundi bado alisubiri. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka.

"Kulikoni leo?" akauliza kile kiti.

Afisa ndiye aliyesema, taratibu, "Sindano."

"Enhe!" Fundi akapiga paja. "Safari hii hukuisahau."

Nikachukua fomu ya leo, nikaandika sifuri.

"Unaandika sifuri mbele yangu?" afisa akauliza.

"Mwaka juzi alipata kumi. Mwaka jana alikuwa msibani, hakuja. Leo sifuri." Nilikuwa nalia na sikujali. "Bila hizo fomu ningesema mzee anatania tu, nikamrudisha nyumbani akaishi peke yake. Hicho ndicho mnachopata."

Afisa aliisoma tena fomu ya marehemu, juu hadi chini, akaikunja polepole.

Fundi akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Mwakani tuje mwezi huuhuu?"

Nikamtazama afisa, maana jibu halikuwa langu.

"Njooni, baba," akasema. "Njooni wote wawili."